Mto Usio na Maji: Kwa Nini Makorongo ya Dodoma Yanalindwa, na Nani Anaruhusiwa Kufanya Nini Humo

Anayetafuta kiwanja Dodoma hukutana na jambo hili mapema. Anaonyeshwa eneo tambarare kando ya korongo, lina mikuyu na kivuli, bei yake inavutia, kisha watu wa mipango miji wanamwambia pale hapajengwi kwa sababu ni mtoni. Anatazama huku na huku. Mchanga mweupe umelala toka ukingo huu hadi ule, watoto wanachezea mpira, mbuzi wamejilaza, bodaboda inakatiza. Tone la maji halionekani. Jumamosi inayofuata anakuja na familia kupumzika chini ya mikuyu ileile, na safari hii anatokea mtu wa kumwambia haruhusiwi hata kukaa. Wakati huohuo tipa inapanda kutoka korongoni imejaa mchanga na hakuna anayeisimamisha.

Watu wanachanganyikiwa, na wana haki. Mambo kadhaa yamefungwa fundo moja: maji yalipo, wanyama wanavyoishi, na sheria zinazoshika ardhi hiyohiyo kila moja kwa mkono wake. Nitaanza na maji, maana asiyeyaelewa maji ataona mengine yote ni usumbufu wa serikali.

Maji yamelala chini

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Kwa mwaka hupata wastani wa milimita 550 hadi 600, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Na mvua yenyewe hainyeshi kwa upole. Huja kwa kishindo, saa moja au mbili, juu ya vilima vya mawe ya granaiti na juu ya ardhi iliyokauka ikagandamana, ardhi isiyoweza kunywa maji kwa kasi hiyo. Basi maji hayana budi kuteremka. Korongo lililokuwa kavu saa nane mchana laweza kuwa limejaa maji ya tope saa tisa, na kesho yake asubuhi yakabaki madimbwi tu. Mto umepita.

Ila haukupita wote. Kila mafuriko huteremsha mchanga mpya na kuutandaza, mwaka hata mwaka, mpaka sehemu nyingine unafika mita kadhaa kwenda chini, ukiwa umekalia mwamba au udongo mzito wa mfinyanzi. Katika mchanga wa punje kubwa, karibu theluthi ya ujazo wake ni nafasi kati ya punje na punje, na mafuriko yakipita nafasi hizo hubaki zimejaa maji. Mita moja ya ujazo ya mchanga wa namna hiyo inaweza kubeba lita 300 hivi, ingawa si zote zinazochoteka, kwa sababu nyingine hung'ang'ania kwenye punje.

Sasa lifikirie jua. Katika ukanda huu maji yaliyo wazi yanaweza kupoteza zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kwa mvuke peke yake, yaani zaidi ya mara tatu ya mvua iliyonyesha. Ndiyo maana lambo hupungua ukiliona. Maji yaliyojificha mchangani yana bahati tofauti: yakishashuka kama mita moja hivi, jua haliyapati tena. Mto wa mchanga ni ghala lenye kifuniko chake, nalo limejengwa bila saruji.

Kina mama wa vijiji vya Chamwino, Bahi na Chemba hawahitaji makala ili kulijua hili. Mwezi wa tisa, lambo likiwa limebaki matope yaliyopasuka, wao wanateremka korongoni na madumu. Hawachimbi popote pale. Wanatafuta mahali ambapo mwamba umekatiza korongo, kwa kuwa maji yanayotembea taratibu chini ya mchanga yakifika pale yanazuiwa na kupanda juu. Wanafukua kwa mikono na bakuli. Mchanga wa juu unaunguza. Chini yake kuna wa vuguvugu. Kisha unakuja uliopoa, unabadilika rangi kuwa wa kahawia, unaanza kushikamana ukiufinya. Wanaendelea mpaka maji yanajikusanya kwenye kitako cha shimo. Ya kwanza ni ya tope, yanamwagwa. Wanasubiri, wanapiga soga, kisha wanachota kikombe kwa kikombe mpaka dumu linajaa. Wakiondoka wanafunika shimo kwa matawi ya miiba ili mifugo isiingie. Mgeni akipita na kudhani ni rundo la kuni, atakuwa amekanyaga kisima cha mtu.

Jiji nalo halijajitenga na habari hii. Kwa miongo mingi, tangu miaka ya 1950, Dodoma imekunywa maji ya visima virefu vya Makutupora, kaskazini ya mji. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji katika visima hivyo. Uligundua kwamba maji ya ardhini hayajazwi kidogokidogo kila mwaka. Misimu ya kawaida huongeza kidogo mno au haiongezi kitu. Kazi kubwa hufanywa na misimu michache ya mvua nyingi kupita kiasi, ukiwemo ule wa El Niño wa 1997/98. Utafiti uliofuata katika bonde hilohilo ulionyesha njia ambayo maji hupitia kushuka chini, na njia yenyewe ni vitanda vya mchanga vya mito ya msimu.

Hapo pasomwe mara mbili. Makorongo yaliyo kavu leo ndiyo mlango ambao maji ya kunywa ya mji mkuu huingilia ardhini, na mlango huo hupitisha maji mengi mara chache tu katika miaka kumi. Ukiuziba kwa kifusi na mifuko ya plastiki, au ukiujengea kuta, hutaona hasara mwaka huu wala mwakani. Utaiona ikija ile mvua kubwa iliyosubiriwa, maji yakapita juu kwenda kuvunja madaraja badala ya kushuka visimani.

Na tipa? Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, ujenzi umekuwa mkubwa, na nyumba hazijengwi bila mchanga. Silaumu anayejenga. Ila hesabu ni hii: tipa ya mita saba za ujazo ikiondoka na mchanga wa mtoni, inaondoka na nafasi ya kuhifadhi lita 2,000 hivi za maji. Mafuriko hurudisha mchanga kiasi, hilo ni kweli, na ndiyo sababu uchimbaji mdogo wa kijiji haukuwahi kuua korongo. Tatizo ni kasi. Mchanga ukichukuliwa haraka kuliko unavyorudi, kitanda kinashuka, maji yaliyokuwa yameegemea kingo yanakimbilia shimoni, kingo zinaporomoka na mikuyu iliyosimama pale miaka na miaka inaanza kukauka kuanzia juu.

Wingu moja, bahari na mabwawa tofauti

Dodoma imekaa juu ya mgongo wa nchi, na hili wengi hatulifikirii. Mvua inayonyesha juu yake hugawanyika. Inayoangukia mashariki huingia Kinyasungwe, ambao tawi lake dogo hulijaza bwawa la Hombolo lililojengwa mwaka 1957, kisha maji huelekea Kongwa na Mpwapwa, huungana na Mkondoa karibu na Kilosa na kuwa sehemu ya mto Wami, unaomwaga Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Inayoangukia kaskazini-magharibi huingia mto Bubu, ambao hauendi baharini kabisa: unaishia katika tambarare ya Bahi, maji yanatandaa, yanakaa, yanageuka mvuke. Ya kusini-magharibi huchukuliwa na Kizigo hadi Mtera, yakaungana na Ruaha Mkuu kuelekea Rufiji. Na huko Kondoa, vilima vya Irangi ndivyo vinavyoulisha mto Tarangire, ule unaokusanya tembo wengi kiangazi katika hifadhi yenye jina lake.

Kwa hiyo korongo linalopita nyuma ya nyumba yako lina jirani wa mbali sana. Tope linalobebwa kutoka mashamba ya Dodoma na Mpwapwa kupitia Kinyasungwe limeshawahi kuziba madaraja ya reli ya kati. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibomoa reli kati ya Gulwe na Kilosa, na treni zikasimama kwa miezi. Na mgawanyiko huo wa maji ndio uliogawa madaraka. Nchi ina mabonde tisa ya maji, na mkoa wa Dodoma umeangukia matatu: Wami/Ruvu yenye ofisi Morogoro, Bonde la Kati yenye ofisi Singida, na Rufiji yenye ofisi Iringa. Makorongo mawili yanaweza kuanzia kilima kimoja yakawa chini ya ofisi mbili zilizo mikoa tofauti.

Wanaoishi humo

Nikiulizwa sababu ya kwenda korongoni, sitaanza na sheria. Nitasema nenda alfajiri, kabla mifugo haijapita, usome mchanga.

Usiku mzima umeandikwa pale. Nyayo za fisi zina alama za kucha, kwa sababu hawezi kuzirudisha ndani. Za chui, ukibahatika, ni za mviringo na kucha hazionekani. Kenge huacha mstari wa mkia katikati ya nyayo zake mbili mbili. Nungunungu huacha mwiba wake mmoja hapa na mwingine pale. Ukiona rundo dogo la kinyesi kikavu cha punje ndogo ndogo kando ya njia, na vijiti vilivyo jirani vina doa jeusi la utomvu kwenye ncha, umeingia mpakani mwa digidigi. Huishi dume na jike pamoja, huweka choo mahali palepale, na ule utomvu hutoka kwenye tezi iliyo chini ya jicho. Yawezekana wamesimama mita 20 kutoka hapo wanakutazama.

Kando ya korongo miti hubaki kijani wakati nyika yote imekuwa ya kijivu, kwa sababu mizizi imeshafika kwenye ghala lile la chini. Mkuyu huzaa mara nyingi kwa mwaka bila kungoja msimu, kwa hiyo nyani, tumbili, popo na hondohondo wana chakula hata Oktoba. Kuna mgunga mmoja, ule ambao wataalamu huuita Faidherbia albida, wenye tabia ya ajabu: hupukutisha majani mvua zikianza na kuyavaa kiangazi. Maganda yake hudondoka wakati mifugo na wanyama wa porini hawana kingine cha kula. Wakulima wanaoujua huuacha shambani.

Ndege ndio hazina tunayoipita kila siku bila kugeuka. Kuna cherero, kasuku wadogo wa kijani wenye ukosi wa njano na kichwa cheusi, ambao kwa asili ni wa Tanzania, na nyanda hizi za kati ndizo kwao. Hutaga kwenye matundu ya miti, mibuyu ikiwemo. Kuna kwezi wa rangi ya majivu, naye hana kwao kwingine ila nchi hii. Wageni hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kumwona, na sisi tunamfukuza kwenye meza ya chakula. Mapema asubuhi firigogo hushuka kwenye madimbwi yaliyobaki. Dume hulowesha manyoya ya tumbo, ambayo yameumbwa kushika maji, kisha huruka nayo kilomita nyingi hadi kwa makinda walioko nyikani, nao huyanyonya kutoka kwenye manyoya hayo. Na kwenye panda ya mkuyu utaona kiota kikubwa kama kibanda: ni cha fundichuma, amekijenga kwa vijiti maelfu, mlango wake ni kitundu kilichopakwa tope, na paa lake linaweza kumbeba mtu mzima. Wazee wengi hawataki kiguswe. Mimi naona imani hiyo imeokoa miti mingi.

Kuna viumbe vingine ambavyo havipo juu ya mchanga bali pembeni, kwenye madimbwi ya udongo mweusi wa mbuga yanayojaa mvua zikinyesha. Katika madimbwi ya namna hiyo huku nyanda za kati, tambarare ya Bahi ikiwemo, huishi samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius, wasiozidi urefu wa kidole. Dume huwa na rangi nyekundu na buluu kali kama amepakwa. Maisha yao ni ya mbio. Mvua inawaangua, ndani ya wiki chache wamekomaa, wanataga mayai kwenye tope, dimbwi linakauka, wote wanakufa. Mayai yanabaki ndani ya udongo uliopasuka kwa miezi yote ya kiangazi, yamesimamisha ukuaji, yakingoja mvua nyingine. Trekta likisawazisha dimbwi hilo Agosti, au kifusi kikimwagwa, hakuna atakayeona samaki amekufa, kwa sababu Agosti hakuna samaki. Kizazi kizima kimeondoka kikiwa yai.

Mfano huo unaeleza kwa nini huwezi kupima thamani ya korongo kwa kulitazama siku moja ya kiangazi.

Tembo nao ni wasomaji wazuri wa mchanga. Kule Ruaha, kwenye mto wa mchanga wa Mwagusi, huchimba kwa mguu na mkonga mpaka wafikie maji safi, na wakiondoka, pundamilia, ngiri na nyani hunywa katika visima hivyohivyo. Huku kwetu tembo wa mapori ya akiba ya Swagaswaga na Kizigo hutumia mabonde ya mito kama njia zao, ndiyo maana mashamba ya kandokando, Chemba, Bahi, Manyoni, huvamiwa. Familia inayopoteza mahindi ya mwaka mzima kwa usiku mmoja ina uchungu wa kweli, na uhifadhi usiouona uchungu huo hautadumu. Lakini shamba lililolimwa hadi mdomoni mwa korongo limelimwa katikati ya barabara yao.

Sheria zinashika nini

Tuje kwenye fundo lenyewe. Neno "hifadhi" linabeba mizigo mingi, na kila mmoja una masharti yake.

Mzigo wa kwanza uko kila mahali, hata katikati ya mji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu za kibinadamu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu uhifadhi wa eneo hilo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ukingo wa mto kuwa miongoni mwa ardhi hatarishi. Sheria haisemi mto lazima uwe na maji mwaka mzima. Ndiyo maana yule mnunuzi alikataliwa kujenga, na alikataliwa kwa haki.

Lakini soma tena: shughuli za kudumu, au zinazoharibu. Kutembea si shughuli ya kudumu. Kukaa kivulini na watoto, kutazama ndege, kupiga picha, kula chakula ulichobeba na kuondoka na takataka zako, havikatazwi na kifungu hicho. Anayemfukuza mtu anayetembea kando ya korongo la kawaida kwa kisingizio cha mita 60 amekitumia kifungu pasipo pake. Ukuta, choo cha shimo, karakana ya kuoshea magari, bustani inayomwagiliwa kwa mashine na kupigwa dawa ndivyo vilivyolengwa.

Ugumu upo kwenye kupima. Ukingo wa korongo la mchanga unasogea. Mafuriko ya mwaka mmoja yanaweza kula mita kadhaa za upande mmoja na kuziongeza upande wa pili. Aliyepima kiangazi kutoka kwenye njia nyembamba ya maji ya mwisho atajikuta yuko ndani ya mto mvua kubwa ikija. Ushauri wangu ni kupima kutoka alama ya juu ya mafuriko: takataka zilizonasa kwenye matawi, mizizi iliyowekwa wazi, mstari wa mchanga mpya. Wazee wa mtaa huzikumbuka alama hizo vizuri kuliko ramani.

Mzigo wa pili ni pale korongo linapoingia ndani ya eneo lililotangazwa. Likiwa ndani ya pori la akiba, kama Swagaswaga, Mkungunero, Kizigo au Muhesi, mambo yanabadilika kabisa: huko huingii bila kibali, hata kwa miguu, hata kwa kutazama tu, na msimamizi ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Ndani ya msitu wa hifadhi wa taifa utakutana na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kuna misitu ya halmashauri, na kuna misitu iliyohifadhiwa na vijiji vyenyewe chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kupiga kambi au kuleta wageni katika misitu hiyo huhitaji kibali cha mwenye msitu. Kwa hiyo korongo moja linaweza kuanzia msitu wa kijiji, likapita mashambani, likaingia pori la akiba, na wewe ukawa mwenye haki kwa kilomita tatu za kwanza na mvunja sheria katika ya nne. Mpaka mara nyingi ni bango lililofutika au jiwe lililopakwa rangi. Uliza kijijini kabla hujaanza kutembea.

Wanyama wana sheria yao, na hii haijali mpaka. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inawaweka chini ya dola kwa niaba ya wananchi wote. Digidigi aliye kwenye shamba lako si wako; kumtega bila leseni ni kosa palepale shambani.

Na mchanga ni madini. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inauhesabu katika madini ya ujenzi, na kuuchimba kibiashara kunahitaji leseni. Juu ya leseni hiyo, Sheria ya Mazingira inadai tathmini ya athari kwa anayetaka kuchimba ndani ya mto. Watu hudhani karatasi moja inaifuta nyingine. Haifuti. Tipa yenye leseni ya madini bado inaweza kuwa imevunja sheria ya mazingira. Kwa maoni yangu hapa ndipo ulinzi ulipolegea zaidi: tunamkaripia mama aliyepanda mchicha ukingoni, tunalipungia mkono lori.

Kufunga au kufungua?

Nyanda hizi ziliwahi kujaribu njia ya kufunga. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, kupambana na mmomonyoko. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa, lenye kilomita za mraba 1,256. Ardhi iliitikia. Nyasi na miti vilirudi, na miteremko iliyokuwa nyekundu ikavaa kijani. Lakini wenye ng'ombe walihamishiwa mzigo wao kwingine, na familia nyingi zilikosa maziwa, mbolea na heshima ya zizi, mpaka baadaye ulipoanza ufugaji wa ndani wa ng'ombe wachache wa maziwa. Siuiti mradi huo kosa. Anayepita njia ya Kondoa leo kwenda kuona michoro ya mapangoni ya Kolo, iliyoingizwa urithi wa dunia mwaka 2006, anapita katika ardhi iliyopona. Ila korongo la leo lililo kati ya nyumba 5,000 haliwezi kulindwa kwa kumfukuza kila mtu. Likiachwa halina wageni wema, hujaa wageni wabaya: wa usiku, wenye kifusi. Njia ya miguu yenye watu wanaotembea asubuhi na jioni hulinda ukingo kuliko bango. Ndiyo sababu napenda kuona familia za Dodoma zikiyazoea makorongo yao, na halmashauri zikiyapangia njia za kutembea badala ya kuyageuzia mgongo wa ukuta.

Wanaokwenda wajue mambo machache ya usalama. Usilale wala kuegesha gari kwenye kitanda cha mchanga wakati wa mvua, hata kama anga la juu yako ni safi. Maji yanayoua hutoka kwenye wingu lililo mbali, na huja yakiwa yamebeba magogo. Usioge kwenye madimbwi yaliyotuama, kichocho kipo. Kiangazi nyuki hufuata mchanga wenye unyevu na soda iliyo wazi. Kifutu hulala kwenye majani makavu chini ya vivuli vilevile unavyovipenda, basi tazama kabla ya kutandika mkeka. Mtera na mabwawa mengine makubwa usisogelee ukingo ovyo, viboko na mamba hawana habari na likizo yako.

Na adabu. Korongo la kijijini ni sebule ya watu. Ukikuta wazee wananywesha ng'ombe, anza na shikamoo, au mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kisha ueleze umetoka wapi na unatafuta nini. Mara nyingi utapata mtu wa kukuongoza ambaye anazijua nyayo zote nilizozitaja na nyingine ambazo sikuzitaja. Usinawe kwa sabuni kwenye kisima cha mchanga. Ukiondoa miiba, irudishe.

Miezi ni miwili ya kuchagua kwa anayeanza. Oktoba maji ni haba, kwa hiyo wanyama na ndege hulazimika kuja palipo na unyevu, na miti haijafunga majani ya kuwaficha. Februari, ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wapo, ndege wa hapa wengi wanajenga viota, vyura wakubwa waliokuwa wamejifukia wameibuka, na tambarare ya Bahi ikipata mvua ya kutosha hujaa ndege wa majini. Lakini utatembea kwenye kingo tu, si kitandani.

Ukiona uharibifu, kifusi kikimwagwa au mchanga ukichimbwa hadi mizizi inaning'inia, anza kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji na afisa mazingira wa halmashauri. Nakala iende ofisi ya bonde. Korongo linaloelekea Hombolo au Kongwa, andikia Morogoro. Linaloelekea Bahi, Singida. Linaloteremkia Mtera, Iringa. Taja kijiji, jina la korongo na tarehe, ambatisha picha inayoonyesha kitu kisichohama, mti au daraja, ili mkaguzi akifika mvua zikiwa zimeshapita na kulainisha kila kitu, ajue alama ilikuwa wapi.